Foleni ya Mawingu

Mwaka huo mvua ilipotea njia, na nyikani kwetu likabaki dimbwi moja tu, maji yake rangi ya chai ya maziwa. Wanyama walikunywa kwa zamu, na Simba, mfalme, akatunga sheria moja ya foleni: anayeomba radhi amekiri kosa, na aliyekiri kosa anarudi nyuma kabisa. Sheria ilikuwa fupi na Simba aliipenda sana, kwa kuwa yeye hajaomba radhi tangu azaliwe. Matokeo yake unaweza kuyakisia. Wanyama walikanyagana, walipigana vikumbo, walimwagiana maji, na hakuna aliyefungua mdomo. Neno "samahani" lilikauka kabla ya dimbwi.

Aliyeteseka kuliko wote ni Bi Kobe. Mayai yake aliyafukia mwisho wa mvua zilizopita, na sasa watoto walikuwa wameshaanguliwa huko huko chini, lakini ardhi juu yao ilikuwa ngumu kama sakafu ya saruji. Watoto wa kobe hawana nguvu ya kutoka mpaka mvua ilainishe udongo. Kila asubuhi mama yao alilaza kichwa chini akawasikia wakigonga: ko, ko, ko. Na kila asubuhi sauti ilikuwa ndogo kuliko ya jana.

Ndipo akarejea Mbayuwayu, ndege anayekaa kwetu nusu ya mwaka na Uingereza nusu ya mwaka, na kote kuwili anajiita mwenyeji.

"Kule kwangu kuna msitu mtulivu," alisema. "Mvua inanyesha bila kuombwa. Mawingu yamefungwa kwenye ua kama mbuzi, na wenyewe wameyachoka."

Simba akaamuru wajumbe waende kuomba wingu moja. Bi Kobe alijitolea. Wenzake walicheka, lakini walipomaliza kucheka yeye alikwishaondoka. Fisi alichaguliwa kubeba kamba, kwa sababu angeachwa nyumbani angekula akiba ya watu. Sungura alijichagua mwenyewe.

"Waingereza mimi nawajua ndani nje," alisema walipomkuta Bi Kobe njiani. "Bila mimi mtatutia aibu."

"Umewahi kufika huko, mwanangu?" Bi Kobe akauliza.

"Kufika si lazima, bibi. Mambo mengine mtu anazaliwa nayo."

Jinsi sungura, fisi na kobe walivyovuka bahari kwa miguu sitaieleza, maana anayetaka kubisha atabisha tu. Walifika, miguu imelowa, na hilo latosha. Bi Kobe ndiye aliyetangulia kufika, kwa kuwa wenzake walisimama kila mahali kupumzika na kugombana.

Msitu ulikuwa kimya kiasi kwamba tumbo la Fisi liliponguruma, alidhani amekutana na mnyama mwingine. Miti mikubwa iitwayo mialoni ilisimama, mashina yamevikwa kuvumwani laini kama zulia la kijani. Chini yake yalienea maua ya buluu, yote yameinamisha vichwa kama wanafunzi walioulizwa swali gumu. Nje ya msitu kulikuwa na malisho yaliyokatwa na kuta za mawe, na kondoo waliosimama kwenye manyunyu bila dalili ya kushangaa. Kwenye matawi ya chini vilining'inia vifuko vyeusi vidogo, vimefungwa vizuri, ambamo watu wanaotembeza mbwa huzoa uchafu wa mbwa wao, kisha wakaviacha. Fisi alidhani ni nyama iliyowekewa wageni. Alifungua kimoja, akala. Tumstahi, tusiseme zaidi.

Bi Kobe alilaza kichwa kwenye matope ya ugenini. Mbali sana, kwa shida, akasikia: ko. Akasubiri. Ko.

"Twendeni haraka," alisema, na machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Njiani walimkuta mwenyeji wa kwanza, Bi Kindi, ameketi kwenye gogo na keki ya njugu. Akawakaribisha. Sungura akamvuta Fisi pembeni.

"Adabu, bwana! Usipokee mara moja kama mtu aliyeshinda na njaa. Sema umeshiba. Watakubembeleza mara tatu kama kwetu, halafu ndipo upokee kwa kujilazimisha."

Fisi alikusanya uungwana wake wote, ambao haukuwa mwingi. "Asante sana, mama," alisema. "Nimeshiba."

"Ah, haya," Bi Kindi akajibu, akakiondoa kipande cha Fisi na kumpa Sungura. Sungura hakukataa. Alikula chake, akala na cha mwenzake. Fisi alimeza mate, akasubiri kubembelezwa. Anasubiri hadi leo.

Mawingu waliyakuta upande wa pili wa msitu, mahali njia inapokutana na lango la malisho. Yalifungwa kwenye ua kwa kamba, makubwa kwa madogo, yakichezacheza. Mlinzi wake alikuwa Mzee Melesi, binamu wa Nyegere kwa upande wa mama: ana mistari ile ile, ila yeye hatukani watu. Mbele ya lango palikuwa na foleni ndefu iliyonyooka.

"Mnangojea mawingu?" Sungura akauliza.

"Hapana," alijibu Kulungu, aliyekuwa wa mwisho. "Tumekuja kulalamikia hali ya hewa."

"Na mkishalalamika, inabadilika?"

"La. Tunarudi kupanga foleni."

Mzee Melesi alimsikiliza Bi Kobe kutoka mbali, kwa heshima, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ningekupa yote, bibi. Lakini hili lina harusi Jumamosi. Lile kubwa lina maonyesho ya maua. Lile jeusi nimeliweka kwa ajili ya likizo ya shule. Limebaki hili dogo la kijivu. Atakayelitaka, angoje zamu yake ifike. Kengele ya kanisa ikilia saa kumi nafunga lango, nakwenda kunywa chai."

Sungura alikwishatangulia kupanga foleni, Bi Kobe nyuma yake, Fisi nyuma ya Bi Kobe. Wakati huo ndipo Sungura alipomkanyaga Kulungu mguu, kwa bahati mbaya.

"Samahani sana," akasema Kulungu.

Masikio ya Sungura yalisimama yote mawili. Akamkanyaga tena, safari hii kwa makusudi.

"Oh, samahani! Mguu wangu umekaa vibaya."

"Mzee Melesi!" Sungura akapaza sauti. "Kwetu anayeomba radhi amekiri kosa, na aliyekiri anarudi nyuma. Mbele yenu amekiri mara mbili!"

Wenyeji walitazamana. Mzee Melesi akajikuna shingo. "Sheria ngeni kidogo," alisema, "lakini hatungependa kuvunja mila ya mgeni." Na Kulungu akaenda nyuma, akiomba radhi kwa kila aliyempita.

Basi Sungura akaanza kazi. Alimkanyaga Bata, Bata akaomba radhi. Alimkanyaga Bundi, Bundi akaomba radhi na kumshukuru. Alimkanyaga hata Kalunguyeye, miiba minne ikamwingia wayo, na Kalunguyeye akaomba radhi kwa kila mwiba. Foleni nzima ilihamia nyuma ya Fisi huku ikiona haya. Bi Kobe peke yake ndiye aliyekanyagwa mara mbili asiseme neno, maana amelelewa nyikani. Kwa hiyo alisogea kila Sungura aliposogea, taratibu.

Hatimaye Sungura akawa wa kwanza. Mzee Melesi akaifungua kamba ya wingu la kijivu.

"Mwanangu," Bi Kobe akasema, "umetufanyia vizuri. Sasa turudi haraka kwa watoto."

Sungura akacheka. "Turudi, bibi, lakini wingu ni langu. Nitalifunga juu ya shimo langu. Atakayetaka tone ataniita Mfalme, na Simba ndiye atakayeanza."

"Na wanangu?"

"Wagonge. Kugonga ni mazoezi."

Bi Kobe hakuzoea kugombana. Alichoweza ni kupiga magoti, na kobe akipiga magoti hupiga na gamba. Akaanguka mbele na uzito wake wote, juu ya mguu wa Sungura, ule ule wenye miiba minne.

Sungura alikuwa ameshinda siku nzima akisikia neno moja tu. Amelisikia mbele, amelisikia nyuma, limemwingia masikioni, na masikio yake ni makubwa. Maumivu yalipompanda, mdomo ulifunguka wenyewe.

"Samahani!" akapiga kelele.

Msitu ukanyamaza zaidi ya kawaida yake. Hata kondoo waligeuka.

"Ala," akasema Mzee Melesi kwa upole.

"Hapana! Yeye ndiye aliyenikanyaga!"

"Ndivyo ilivyokuwa kwa wote, bwana mgeni. Wewe ndiwe uliyekanyaga, wao ndio walioomba radhi, nao walikwenda nyuma. Hatungependa kuvunja mila yako."

"Fisi! Wewe ni shahidi wangu! Sema neno!"

Fisi alimtazama, akikifikiria kile kipande cha keki.

"Asante sana, bwana," akajibu. "Nimeshiba."

Sungura akaburuta mguu kwenda nyuma, na wenyeji wote wakampisha wakimwomba radhi. Mzee Melesi akaiweka kamba mkononi mwa Bi Kobe. Kengele ya kanisa ililia saa kumi wakati huo huo, na lango likafungwa.

Bi Kobe alipiga hatua tatu, akasimama, akageuka. "Samahani, Sungura mwanangu," alisema. "Najua nimekuumiza." Lilikuwa neno gumu kinywani, halijatumika tangu mvua iondoke. Fisi alishtuka, akidhani wingu limekwenda. Lakini Mzee Melesi alikuwa anatazama juu na kukohoa, na akasema hakusikia chochote.

Sungura yuko kule hadi sasa. Foleni ile haijawahi kwisha, maana kila anayemaliza kulalamika anarudi kuipanga. Ukipita Uingereza ukamwona sungura amesimama peke yake katikati ya malisho, masikio juu, usifikiri anaota jua. Hakuna jua. Anangojea zamu.

Wingu lilifika nyikani likivutwa na Fisi, Bi Kobe mbele. Wanyama walitegemea radi. Wapi! Lilikuwa wingu lililolelewa vizuri. Lilinyesha polepole, siku nne mfululizo, bila kelele, na kila lilipomlowesha mtu kichwa lilinong'ona kwamba linaomba radhi. Simba, ambaye tangu atunge sheria yake hakuombwa radhi na mtu, alisimama humo akiloa hadi ncha ya mkia, hajui ajibu nini.

Siku ya nne ardhi ikalainika. Bi Kobe alisimama karibu na mahali alipofukia mayai. Udongo ukanyanyuka kidogo, ukapasuka, na kichwa kidogo kuliko kifungo cha shati kikatokea. Kisha cha pili. Walitoka wote kumi na mmoja. Mama yao alilia wazi wazi, na hakuna aliyemcheka.

Wa kwanza alianza kutembea kuelekea majani, macho bado hayajazoea mwanga. Njia yake ilipita juu ya mguu wa mbele wa Simba. Akaukanyaga. Fisi akafumba macho.

Simba aliinama, akamtazama yule mdogo aliyekuwa anahangaika kati ya kucha zake.

"Samahani, mdogo wangu," akasema. "Mguu wangu umekaa vibaya."

Hakuna aliyemwambia arudi nyuma. Akauinua mguu, akasogea pembeni, akampisha.