Tandiko la Samaki wa Mejumaa

Tandiko muulize mlalaji. Mmeisikia leo harusini, kungwi alipowafukuza mashangazi waliokuwa wakigombania shuka la kumtandikia bibi harusi, na sasa mwataka kujua imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, tena hapa hapa Vanga, katika mkahawa wa kikundi chetu cha akina mama.

Mejumaa, mshona magodoro ya sufi, ndiye aliyetushawishi tuweke tangi kubwa la kioo lenye maji ya bahari na matumbawe. Alilitaka kwa ajili ya mamake, Bi Mesaidi, aliyevua pweza miambani maisha yake yote mpaka miguu ikamkatalia. Bibi huyo alikuwa na hamu ya mwamba kuliko ya chakula. Tukaridhia.

Ikaja kazi ya kutandika chini ya tangi. Mwenyekiti wetu, Mwanasha, mpenda mapambo, akamwaga changarawe za waridi na samawati zifanane na mapazia. Likapendeza kweli! Lakini samaki wetu wadogo wenye mistari, wale wenye desturi ya kuchimba vishimo, walijibana nyuma ya pampu, chakula hawagusi. Wengine wakafa. Hapo kila mtu akawa na dawa yake, huyu kokoto, yule vigae. Mwisho Mwanasha akakata shauri: wawili waliobaki wakifa, tangi litamwagwa maji, lipangwe mahamri.

Bi Mesaidi aliposikia alivuta leso usoni. Roho zilituuma.

Mejumaa akasimama. "Mwenyekiti, nikikushonea godoro, kabla sijalifunga mdomo nakwambia nini?"

"Waniambia nilale kwanza, nikuoneshe panaponiumiza."

"Basi hawa mbona hatujawalaza?"

"Samaki atakujibu, shoga?"

"Atajibu. Vuta kiti."

Akazizoa changarawe zote, akateremsha tangini mabeseni matatu mapana: la changarawe, la kokoto, na la mchanga mweupe laini wa matumbawe. Hakuna aliyekunywa chai. Samaki mmoja akachomoza. Changarawe akazipita juu kwa juu. Kokoto akazigusa, akarudi nyuma. Alipofika mchangani alijaza kinywa, akatema kando, akajaza tena, maji yakachafuka. Punde akazama, yakabaki macho. Mwenzake akamfuata. Tulipowatupia chakula, walitoka wakala kama wageni wa karamu.

Mkahawa mzima ulilipuka vigelegele! Bi Mesaidi alicheka huku machozi yakimtoka. "Ndivyo walivyo! Ndivyo walivyo huko mwambani!"

Mwanasha, naye si mtu wa kushindwa upesi, alifunga leso kiunoni, akabeba ndoo ya mchanga yeye mwenyewe. "Haya, mlalaji kasema," akatangaza. "Nani tena ana neno?"

Tukautandaza mchanga tangini kote. Bi Mesaidi aliuona mwamba wake kila asubuhi mpaka mwisho wa umri wake, na mahamri yetu yakaendelea kupangwa mezani.

Kwa hiyo mashangazi wakianza tena kuvutana, bibi harusi si yupo? Tandiko muulize mlalaji.