Jina la Mtoto wa Jenista

Hapo zamani, zamani hii ya juzi ambapo simu zimekuwa nyingi kuliko kuku, palikuwa na kikundi cha sala ya kimya. Kila Alhamisi mchana waliketi katika kikanisa cha parokia, mbele za Mungu, bila neno. Kiongozi wao, Edita, alitunga kanuni: simu zote kikapuni mlangoni, na asiinuke mtu mpaka kengele. Hata kukohoa alikataza.

Alhamisi moja Jenista, binti pekee wa Melania, alikuwa hospitali akijifungua. Mama yake akaweka nadhiri kwamba atakaa kimya mpaka kengele, naye Mungu amlindie mwanawe. Nyuma yake aliketi Kalisti, fundi wa kuezeka, aliyeipenda sala ya kimya kwa sababu kikanisa kina ubaridi. Alifanya ishara ya msalaba, akalala.

Simu ikalia kikapuni. Melania akaujua mlio wake, hakuinuka. Ikakatika, ikalia tena. Machozi yakamtoka, hakuinuka. Ikalia tena. Edita akainuka aizime, kidole kikateleza kikaipokea kwa spika, na sauti ya mume wa Jenista ikajaa kikanisani: damu inamvuja mke wangu, inatakiwa ya kundi O, upesi.

Kalisti akazinduka. Akasema yeye ni O, akaenda mbio, akatolewa damu. Jenista akapona, na mtoto wa kike akawa mzima. Mumewe akaapa kwamba mtoto atapewa jina la aliyemwokoa mama yake.

Hapo sala ya kimya ikaisha.

Melania akasema, "Mlio ule ulinipasua moyo. Nikakaa na nadhiri yangu, nikamwambia Mungu, inua mtu. Edita akainuka. Mnadhani aliinuliwa na nani?"

"Na kelele," akasema Edita. "Lakini bila mkono wangu simu ingelia mpaka kengele, na leo tungekuwa matangani. Mimi sina mtoto. Jina langu lisipokaa hapa, halina pa kukaa."

Melania akamkumbusha kwamba kikapu kilikuwa chake. Bila kikapu, yeye angepokea mlio wa kwanza. Edita akalia.

Kalisti akasema, "Mama Jenista, nisamehe, mimi sikuomba wala sikusikia mlio. Ila kilichomo mwilini mwa mwanao ni damu yangu."

Wakamuuliza kanisani alifuata nini, kama ni kulala. Akajibu kwamba lau angekwenda kazini, saa ile angekuwa juu ya paa kijiji cha tatu.

Siku ya ubatizo ikafika. Jenista kampakata mtoto, padri kainua maji, anauliza: mtoto huyu mmempa jina gani? Jenista anamtazama mama yake, anamtazama Edita, anamtazama Kalisti.

Haya, ninyi mnaotafuna karanga, msinitazame mimi. Padri anangoja. Melania, Edita au Kalista, yaani Kalisti wa kike: je, mtoto aitwe nani?