Aliyenileta Amekataa Kusaini

Haya, ninyi mnaobeba matranka wiki ijayo kwenda vyuoni, sogeeni mbele. Na wazazi wenu wasisinzie, haya yanawahusu.

Palikuwa na binti mmoja aliyepata nafasi chuo cha uuguzi. Jina lake liacheni, mwenyewe yu hai na ana mdomo. Alifika peke yake, godoro kichwani na ndoo mkononi, maana mama yake alibaki nyumbani akimuuguza bibi. Mezani pa usajili, karani, mama mmoja wa makamo asiye na masihara, akamuuliza, "Umeletwa na nani?"

Wenzake walikuwa wameletwa na baba, wajomba, wengine kwa magari. Binti akainua kidevu. "Nimeletwa na Mungu."

Foleni nzima ikacheka. Karani hakucheka. Aliandika vilevile alivyoambiwa, akaita, "Mwingine!"

Wiki sita baadaye kile kidevu kilikuwa kimeshuka. Mifupa mia mbili na sita, na kila mmoja una jina la Kizungu! Wenzake waliosoma shule za bei mbaya waliyataja majina hayo kama wanaita kuku wa kwao. Yeye alikesha akiyakariri, asubuhi yote yamepotea. Jaribio la kwanza akapata kumi na moja kwa mia. Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Yeye alifunga godoro lake kwa kamba, akaenda ofisini.

"Shikamoo, mama. Naomba fomu ya kuacha chuo."

"Marahaba." Karani akampa bila hata kuuliza kulikoni. Binti akajaza, akarudisha. Karani akaipitia kwa kidole, akafika chini kabisa.

"Hapa pamebaki wazi. Utaratibu wetu, anayemwondoa mwanafunzi ni yule aliyemleta." Akavaa miwani, akafunua daftari la usajili. "Wewe umeletwa na Mungu. Basi nenda kamwambie asaini, kisha uniletee."

Binti aliona anadhihakiwa. Alirudi bwenini amefura, akapiga magoti kando ya kitanda kitupu, fomu mkononi. "Haya, saini!" akasema kwa sauti. "Si umeiona mwenyewe hiyo kumi na moja?" Akaanza kumsomea Mungu sababu aliyoandika: nilikosea kuja hapa. Alipoirudia mara ya pili, akaishia kwenye neno nilikosea. Nani aliyekosea? Kama kweli Mungu ndiye aliyemleta, basi si anamwambia Mungu kwamba hakujua njia?

Hapo hasira ikamwacha karani, ikaigeukia ile hofu iliyomfungisha godoro. Alikuwa na hasira kweli, wapendwa, na mimi nasema ilikuwa hasira njema.

Asubuhi akasimama tena mbele ya meza ile.

"Amesaini?"

"Amekataa."

"Sasa?"

"Sasa nami siondoki! Nitakaa na mifupa hiyo mpaka izoee sura yangu."

Karani akaichana fomu. "Kipindi kimeshaanza," akasema. "Kimbia."

Msiniulize kama jaribio la pili alishinda. Alipata ishirini na tisa, akafeli tena. Lakini godoro halikufungwa kamba.

Na sisi je? Tunaimba hapa kwamba Bwana anatuongoza, tunapigiwa vigelegele, tunasindikizwa mpaka stendi. Siku ya kwanza tukikutana na kitu kigumu, tunajaza fomu na kujisainia wenyewe, halafu tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi gani? Ulimuuliza saa ngapi?

Kijana wangu, hofu itakuja. Itakaa kitandani kwako na kukuonyesha mlango. Iulize swali moja tu: "Ni wewe uliyenileta hapa?" Kama siyo, haina sahihi ya kukutoa. Fungua godoro lako, lala, kesho uingie darasani.