Mgawa Maji wa Nchi Ndogo

Wapendwa, leo nawapandisha mlimani, na wenye magoti mabovu msinung'unike, tunapanda kwa maneno tu. Huko juu aliishi mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kugawa maji. Mfereji ulitoka kwenye chemchemi msituni, ukapita mbele ya nyumba yake, kisha ukateremka hadi mashamba ya bondeni. Penye njia panda ya mfereji palikuwa na ubao mmoja mnene. Mama akiuinua, maji yanakwenda bondeni. Akiushusha, bonde lote linakauka. Kaya zote za mlimani zilimchagua yeye, na alikuwa mkali. Ukija kuchota kabla ya zamu yako, unarudi na ndoo tupu na masikio yamejaa.

Sasa, watu wa mlimani walikuwa nchi ndogo iliyomezwa na nchi kubwa ya bondeni. Babu zao hawakuulizwa. Waliamka tu siku moja wakaambiwa bendera yenu ni hii. Tangu hapo kila uamuzi, hata shule yao ijengwe wapi, ulitoka kwa wakubwa ambao hawajawahi kukanyaga huko juu. Wakachoka. Lakini hawakushika mapanga, na hapo ndipo mimi nilipoanza kuwapenda. Waliandika barua, wakaomba jambo moja: tupeni siku ya kupiga kura, tuseme wenyewe kama tunataka kujitawala. Wakaandika ya pili, ya tatu, hadi ya tisa. Ya tisa aliipeleka kaka wa yule mama, fundi cherehani, mtu mpole asiyeweza kumfokea hata mbuzi aliyekula kitambaa cha mteja. Wakamtia ndani.

Tuko pamoja? Kaka yuko jela bondeni. Dada ameshika ubao wa maji ya bondeni. Na kulikuwa kiangazi, mahindi ya kule chini ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Wewe ungefanya nini? Usinijibu upesi, hapa kanisani sote ni watakatifu.

Asubuhi mke wa kaka yake akaja mbio, hata nywele hajachana, akasimama ukingoni mwa mfereji.

"Wifi, shusha ubao."

"Nishushe kwa nini? Leo ni zamu ya bondeni."

"Siku tatu tu. Mahindi yakianza kusinyaa, watamfungulia mume wangu wenyewe, na hiyo kura watatupatia. Wewe unawanywesha maji, wao wanamlaza ndugu yako kwenye saruji."

Maneno yale yalimchoma, maana alikuwa ameyawaza mwenyewe tangu alfajiri. Nisiwadanganye, hakuwa malaika. Mama yao alipofariki, kaka yule ndiye aliyemlea. Basi akaushika ubao kwa mikono miwili, akausukuma chini. Maji yakaanza kupungua, mkondo ukawa mwembamba. Akasimama pale, ubao umefika nusu. Watu wa bondeni hakuwajua hata kwa majina. Alijua tu kwamba kule chini kuna mwanamke kama yeye, anaangalia mfereji na kujiuliza maji yamepatwa na nini.

Akauinua ubao.

"Wifi," alisema, "tukishapata uhuru, hawa watahama? Watakuwa papo hapo chini. Sitaki niwe huru halafu nilale nikimwogopa jirani niliyemuulia mahindi yake."

"Na mume wangu?"

"Kesho nateremka mimi na barua ya kumi. Wakinifunga, tutakuwa wawili."

Msidhani alipigiwa makofi. Wifi yake aliondoka analia, na mwezi mzima hakumsemesha.

Lakini ule mkondo ulipopungua, kuna mtu bondeni aliuona, na habari ikamfikia waziri. Waziri akafurahi. Alikuwa akiingojea siku hiyo. Akapakia askari malori mawili, akachukua na wapiga picha wa magazeti, ili dunia ione kwamba watu wa mlimani ni maadui na wanastahili risasi. Walipofika mchana walimkuta mama yumo mferejini, matope hadi magotini, anazoa majani ili maji yateremke vizuri.

"Tumeambiwa umefunga maji," waziri alisema.

"Nilianza kuyafunga, mheshimiwa. Nikaona aibu."

"Aibu ya nini?"

"Ya kuwafanyia nyinyi lile mnalotufanyia sisi. Kuamua juu ya watu bila kuwauliza."

Wapiga picha wakapiga picha, maana ndiyo kazi iliyowaleta. Kesho yake magazeti yalitoka na mama yule, matope yake na maneno yake, na malori yalikuwa yamesharudi yalikotoka. Mama akateremka na barua ya kumi, nayo ikapokelewa. Kaka alitoka jela wiki ya sita, amekonda, anakohoa, na cherehani yake imeshika kutu.

Kwa aibu ya picha zile, wakubwa wakakubali kura, lakini kwa ujanja. Wakasema mlimani wapige, na bondeni nao wapige. Upande mmoja ukikataa, basi. Walijua wanachokifanya. Ni mkulima gani wa bondeni atakubali chemchemi anayoitegemea iwe ya nchi nyingine?

Huko juu nako kukatokea maneno. Wengine wakasema mwalimu asipige kura, wala mwenye duka, hao ni wazaliwa wa bondeni, watatuangusha. Mama akauliza, "Siku ya kusafisha mfereji, wanakuja au hawaji?" Wakasema wanakuja. "Basi ni wa hapa. Wakitupinga, watupinge wakiwa wenyeji." Wakapiga wote. Mlimani walisema ndiyo, ingawa si kila mtu, na wale waliosema hapana waliamka kesho yake wakiwa wananchi sawa na wengine. Hakuna aliyewagongea mlango.

Zikabaki kura za bondeni. Zikahesabiwa. Bondeni nao walisema ndiyo, tena kwa wingi, na waziri akakosa pa kuficha uso. Mwandishi mmoja wa habari akamfuata mkulima shambani, akamuuliza kama haogopi kufungiwa maji.

"Sababu ya kutufungia walikuwa nayo," mkulima alisema, "na ubao ulikuwa mikononi mwao. Hawakufunga. Watu kama hao niwaogope kwa sababu wamekuwa huru?"

Ndugu zangu, uhuru wao ulitoka kwenye mikono ya watu ambao wao wenyewe wangeweza kuwaua kwa kiu, wasiwaue. Sisi je? Sisi tukionewa, na wengi wetu kweli tumeonewa, kitu cha kwanza tunachotafuta ni mahali pa kumbana mwenzetu. Mwenye nyumba anamkatia mpangaji umeme. Mume anasusa chakula siku nne ili mke ajue yeye ni nani. Kwaya inangoja wiki ya Krismasi ndipo igome. Msiangalie chini, nawasema kwa upendo. Na tukiulizwa mwenzetu ni nani, tunaanza kuuliza babu yake alizikwa wapi, kana kwamba makaburi ndiyo yanayosafisha mfereji.

Dai haki yako. Andika barua ya tisa, andika ya kumi, sikukatazi, na mtu asikwambie kwamba upole maana yake ni kunyamaza. Ila yule unayemdai atabaki kuwa jirani yako baada ya kushinda. Kuna mtu amekukosea, unamjua, jina lake limekujia sasa hivi ninavyosema, na kuna kitu anachokihitaji ambacho kiko mkononi mwako. Leo ukitoka hapa utakutana naye. Utamfanya nini?