Fungu la Mlinzi

Fungu la mlinzi huwekwa kabla ya mgao. Mmelisikia neno hili leo kwa fundi, mkacheka, sasa mnataka kujua limezaliwa wapi. Lilizaliwa langoni mwa bwawa la Mhinga, siku ambayo watu nusura waliwe na maji.

Lango lililindwa na Mzee Kihwele. Mvua zikijaza bwawa, yeye ndiye aliyefungua. Lakini hakufungua kabla ya kumpigia simu Luhwano, mlinzi wa kivukoni kule chini, naye ajibu, "Kweupe," yaani hakuna mtu mtoni. Miaka kumi na minane hakuuvunja mwiko huo. Marehemu mkewe alikuwa akifulia kwenye mawe ya kivuko kile.

Kisha wakubwa wakaleta simu za intaneti, wakang'oa za zamani. Simu hizi ni bubu mpaka zipewe namba ya anwani, na namba, zenye idadi maalumu, hugawiwa na mashine iliyoko ofisini, yenyewe, kwa kila chombo kinachobisha hodi. Fundi Edina aliomba namba mbili zitengwe kwa ajili ya walinzi. Meneja akamwambia mashine haina upendeleo, anayewahi ndiye apewe. Wakubwa husema hivyo kwa sababu wao hawakai bondeni.

Jumamosi ya uzinduzi wa simu hizo wageni walijaa ukumbini. Asubuhi hiyo umeme ukakatika, ukarudi. Vyombo vya wageni, simu na kompyuta zao, vikaamka upesi, vikazoa namba zote. Simu ya Kihwele ikaandika kwamba inatafuta anwani, ikabaki inatafuta. Huku milimani mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na simu za mkononi bondeni hazishiki. Maji yakagusa mstari mwekundu. Meneja akaja mbio.

"Fungua, mzee. Ukuta ukipasuka utajibu wewe?"

"Luhwano hajasema kweupe."

"Simu ni mbovu. Fungua, nimesema."

"Leo siku ya kufua, bosi. Njoo ushike wewe hili gurudumu."

Meneja hakulishika. Kihwele alikuwa amelishika, bila kulizungusha. Asipofungua, ukuta. Akifungua, wale walio chini.

Edina hakungoja ruhusa. Aliingia ukumbini, akawakatia wageni mtandao, akafuta namba walizochukua, akaiwasha mashine upya. Mgeni mmoja akamwita binti asiye na adabu. Langoni, maji yalikuwa yameufunika mstari pale simu ilipopata namba. Kihwele akapiga. Iliita, ikaita.

"Usifungue," Luhwano alisema. "Wako tisa majini, na watoto."

Akaiacha simu wazi. Kihwele akamsikia akiwafokea watu watoke, akasikia mtoto akilia, kisha nyayo zikikimbia juu ya mawe, na miguuni pake ukuta ukitetema.

"Kweupe."

Akazungusha. Maji yakapita na nguo zote na mabeseni.

Edina alipewa barua ya onyo. Meneja alipigiwa makofi kwa kuliokoa bwawa. Wanawake walipopanda kulalamikia nguo zao, Kihwele aliwaeleza yaliyotokea. Bibi Semkiwa, mkubwa wao, hakujua mashine wala anwani, lakini alijua kupakua chakula. Akauliza: kwani kwa hawa wakubwa, ugali wa anayelinda shamba dhidi ya nguruwe haufunikwi pembeni kabla watu hawajanawa mikono? Wanasubiri wote washibe ndipo wamkumbuke?

Kisha akalisema mbele ya meneja, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kula: fungu la mlinzi huwekwa kabla ya mgao.