Gari la Watu Watatu

Jumamosi ya tarehe kumi na nne Juni, saa nne asubuhi, neno dogo lilisemwa katika yadi ya magari mjini Moshi, na tangu saa ile nyumba moja haikuwa kama zamani.

Mtu mmoja, Elinihaki, alikuwa na mke, mtoto wa miaka minne, na mama yake mzazi, Nakunda, aliyekaa chumba cha uani. Nakunda alikuwa dada yangu. Njia yao ya kwenda kanisani ni ya kupanda, na mvua zikinyesha huwa tope tupu, kwa hiyo Elinihaki alitaka gari dogo lililoinuka. Miezi miwili aliuliza watu. Lipi halinywi mafuta, lipi vipuri vyake vinapatikana, lipi linaingiza baiskeli ya mtoto nyuma. Si mtu wa pupa. Siku ya kuchagua alituita sote, mimi nisikilize injini, mama yake aliombee gari, kama tufanyavyo kwetu.

Muuzaji alikuwa mcheshi. Aliligonga gari moja kwa kiganja, akasema hili hata mama mkwe akija na mikungu yake ya ndizi halitalalamika. Tukacheka. Kisha akauliza familia ina watu wangapi.

"Tuko watatu tu," Elinihaki alijibu.

Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo tunavyojibu siku hizi. Lakini mama yake alikuwa nyuma yake, ameshika mkoba wa mjukuu. Nilimwona akishusha macho, akaupangusa mkoba vumbi ambalo halikuwepo. Gari lilipokwisha kuchaguliwa aliweka mkono juu ya boneti, akaomba ulinzi wa Mungu. Alimtaja mwanawe, akamtaja mkwewe, akamtaja mjukuu. Akasema amina.

Hakulipanda gari lile kamwe. Jumapili ya kwanza mwanawe alimwita, naye akasema watangulie, atakuja na kina mama wenzake. Alimwita ya pili, na ya tatu. Ya nne hakumwita. Nafasi ile ya nyuma ikawekwa mwavuli, viatu vya mvua na kikapu. Siku moja nilimkuta dada yangu njiani, kitenge kimelowa matope hadi magotini, nikamwambia nitazungumza na mwanawe. Akanikataza.

"Usimtie aibu, kaka. Nami sitaki kuwabana."

Mvua za vuli zilikuwa kali mwaka ule. Nakunda alipata homa ya mapafu, akalala siku sita, akafariki. Elinihaki alimuuguza kwa machozi, hilo nalishuhudia. Makaburini aliwaambia watu kwamba mama yake alikuwa mwenye nguvu, alipenda sana kutembea. Kina mama waliokuwa wakitembea naye walitazama chini.

Siku ya tatu, tukikunja maturubai, nilimweleza nilichokiona yadini. Alikaa chini pale pale, juu ya turubai. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini nilinyamaza miezi yote ile. Nikamjibu kwamba nilikatazwa. Ni kweli, lakini si kweli yote. Jumapili mbili za mvua nilipanda gari lile mimi mwenyewe. Walinisogezea kikapu, nikaketi, nikampita dada yangu njiani, naye akanipungia mkono.

Ndugu zangu, aliyelisema neno bila kutazama nyuma, na aliyelisikia kisha akaketi, ni yupi atakayeulizwa zaidi?

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Nakunda. Ametembea sana. Mpe mahali pa kukaa, karibu nawe. Amina.