Shamsa Binti Ghalibu na Mnara Uliokatazwa

Wapokezi wa habari za kale wanasimulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Zabarjadi, uliokaa juu ya mwamba baina ya milima miwili, alitawala mfalme aitwaye Ardashi, naye hakuwa mdhalimu, ila alikuwa na udhaifu mmoja: neno la mwisho kuingia sikioni mwake ndilo lililokuwa sheria. Mfalme na wengi wa raia zake walikuwa watu wa kengele, waliomwabudu Mola wao kwa kupiga kengele za shaba. Na wachache walikuwa watu wa taa, waliowasha taa juu ya mapaa ya mahekalu yao. Na wachache kuliko hao walikuwa Waislamu, wajukuu wa waashi walioitwa zamani kuujenga ukuta wa mji, nao wakaujenga, na wakaoa, na wakazaa, na wakazikwa humo vizazi saba.

Miongoni mwa Waislamu hao alikuwapo mwanamke aitwaye Shamsa binti Ghalibu, mwashi mwana wa mwashi, mwenye mikono migumu kama jiwe alilolichonga na macho yasiyojua kuinama. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na hajaolewa, kwani kila mchumba aliyekuja alimtaka aweke chini mwiko wake wa kujengea, naye alimmiminia chai kikombeni na kumwonyesha mlango. Baba yake alikuwa ameuanza mnara wa msikiti wao mpya, na ulipofika kimo cha kifua chake maradhi yakamlaza, na siku ya kufa kwake alimwambia, "Mwanangu, sikuachii mali. Nakuachia mnara. Umalize."

Basi mnara ulipopanda ukalipita paa la msikiti, waziri wa mfalme, aitwaye Shabruki, akaingia barazani na kusema, "Ewe mfalme wa zama, mnara ule ni mkuki uliochomekwa kifuani mwa mji wako. Ukiuacha, kesho watataka kiti chako." Na kwa kuwa neno hilo ndilo lililokuwa la mwisho siku ile, mpiga mbiu akatoka na kutangaza, "Mfalme anasema, ni marufuku mnara wa msikiti kusimama katika Zabarjadi! Waislamu na wasali, lakini ndani ya kuta zao, na sauti zao zisivuke kizingiti!"

Askari wakaja na nyundo na kamba, wakauangusha mnara, na vumbi lake likafunika nguo zilizoanikwa mtaa mzima. Waislamu wakakusanyika, na mwadhini wao, kijana mpole aitwaye Haruni bin Yakini, akalia waziwazi. Wazee wakasema, "Tusubiri, huenda mfalme akasahau."  Asubuhi yake Shamsa akafunga kibwebwe, akayaosha mawe moja moja, akachanganya chokaa, akaanza kujenga upya mchana peupe, watu wakimtazama. Alasiri askari wakaja wakabomoa. Siku ya pili akajenga, nao wakabomoa. Ikawa hivyo siku saba, hata mkuu wa askari akamuuliza, "Ewe binti, huchoki?"

"Nitachoka," akajibu, "siku moja baada ya kuchoka wewe."

Siku ya nane waziri akaamuru ung'olewe hata msingi. Askari wakachimba, wakakuta chini kabisa bamba la madini ya risasi lenye maandishi ya kale, wakaogopa, wakalipiga teke na kwenda zao. Shamsa akashuka shimoni, na jua la adhuhuri liko utosini, akalifuta vumbi lile bamba na kuligeuza. Mara ukatoka upepo wenye harufu ya udi, ukajikusanya na kusimama, ukawa jini wa kimo cha mtende, ngozi yake buluu kama moshi wa mkaa, na masikio mapana kama ungo. Akapiga magoti.

"Labeka, bibi yangu! Mimi ni Samsamu, mbebaji wa sauti. Hakuna neno lililosemwa chini ya anga nisiloweza kuliokota. Mfalme mmoja wa zamani alikataza watu wake kuimba, nami nikawapelekea nyimbo kutoka ng'ambo ya milima, basi akanifunga hapa miaka elfu. Umenifungua, na khidima moja ni haki yako. Sema tu, nitakujengea mnara wa dhahabu kabla jua halijatua!"

"Sitaki," akasema Shamsa. "Mnara wa uchawi watauita uchawi."

"Basi nilipeperushe kasri la mfalme hadi jangwani?"

"Humo mna wapishi na watoto. Sitaki."

"Nizigeuze nyoyo za watu wa mji, wakupende?"

Shamsa akakasirika. "Moyo uliogeuzwa kwa nguvu una tofauti gani na mdomo uliozibwa kwa nguvu? Niambie, ewe Samsamu, waziri anasema nini juu yetu akiwa nyuma ya mapazia?"

Jini akainamisha sikio moja kuelekea kasri, kisha akamnong'oneza. Shamsa akasema, "Hilo ndilo nitakalo. Yaliyosemwa juu yetu faraghani, yasikike mbele yetu hadharani. Lakini ungoje mpaka nimalize kusema mimi, nisije nikasema kwa ulimi wa jini."

Na ilikuwa desturi ya Zabarjadi kwamba amri ya mfalme ikipingwa siku saba, lazima ipelekwe uwanjani, na kila mwanamume na mwanamke mwenye neno aseme, kisha mikono ihesabiwe. Ilipofika Ijumaa asubuhi uwanja ukajaa, na mfalme akaketi juu ya kiti chake cha pembe.

Waziri Shabruki akasimama na kusema kwa sauti ya asali, "Enyi watu, sisi hatuwachukii hawa. Ni jirani zetu. Wasali watakavyo, nani amewazuia? Twataka tu mji wetu ubaki na sura yake ya zamani. Je, kuna dhuluma katika hilo?" Na watu wengi wa kengele wakatikisa vichwa kukubali.

Shamsa akapanda jukwaani na chokaa ingali mikononi, akasema, "Ewe mfalme wa zama, na enyi watu wa mji wangu, maana huu ni mji wangu pia! Waziri anataja sura ya zamani. Ukuta unaowalinda aliujenga babu wa babu yangu, na alipokuwa akipachika mawe hakuna aliyemwuliza anasali vipi. Mwatuambia tusali, lakini tusionekane, na tusisikike. Anayemwambia mwenzake aishi kana kwamba hayupo, huyo hajampa ruhusa ya kuishi. Amemzika, amebakisha kumwagia mchanga. Hesabuni mikono mpendavyo. Ikiinuka yote dhidi yangu, kesho asubuhi mtanikuta nikichanganya chokaa. Nitieni gerezani, na gereza nalo ni la mawe, na mawe mimi nayajua!"

 Alipomaliza tu, ikasikika sauti kutoka angani, nayo ilikuwa sauti ya Shabruki mwenyewe, na mdomo wake umefumba: "Tuanze na Waislamu, maana ni wachache na hakuna atakayewalilia. Mwaka kesho tuzime taa za watu wa taa. Kisha hawa wa kengele, kengele zao ni shaba nzuri, tutaziyeyusha. Watakaposhtuka watakuwa peke yao."

Waziri akaziba masikio, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Watu wa taa wakapiga yowe. Ndipo akasimama Bibi Zenobi, mpiga kengele mkuu wa hekalu, mwenye miaka themanini, akasema, "Miaka arobaini naamka kupiga kengele, na miaka arobaini adhana yao hunikuta nimekwisha kuamka. Haijapata kunidhuru. Lakini naona haya, kwa sababu kabla ya kusikia habari ya kengele zangu, mkono wangu mimi ulikuwa tayari kuinuka dhidi yao."

Mfalme Ardashi akasimama, na watu wakasema hawakumwona hivyo tangu atawazwe. "Mikono haitahesabiwa," akasema. "Nimekosea kuiitisha. Mtu kumwomba Mola wake waziwazi si jambo la kupigiwa kura na jirani. Amri imefutwa, na Shabruki si waziri tena. Mkateni ulimi!"

"La, bwana wangu!" akasema Shamsa. "Mwachie ulimi wake. Aseme atakalo, lakini aseme hapa uwanjani, mchana, mbele yetu, nasi tumjibu. Hilo ndilo tulilolipigania."

Mfalme akamkubalia. Naye Samsamu, khidima yake imekwisha, akaaga na kuruka ng'ambo ya milima.

Mnara ukajengwa mara ya tisa, na safari hii yule mkuu wa askari alikuja na kamba zilezile, akazitumia kupandishia mawe. Mfalme akamfanya Shamsa mwashi mkuu wa Zabarjadi, akampa nyumba na mashamba ya zabibu. Na siku chokaa ya mwisho ilipokauka, Haruni akamjia, akasema huku akitazama viatu vyake, "Ewe binti Ghalibu, mimi ni mtu mnyonge. Nililia siku waliyobomoa, nawe ukaosha mawe. Kama utanikubali, sitakutaka uweke mwiko chini. Nitakubebea maji ya chokaa."

"Kwa maji ya chokaa," akasema Shamsa, "nimekubali."

Wakaoana, na harusi ikahudhuriwa na watu wa kengele na watu wa taa, wakala pilau hata wakalemewa, na Haruni akaenda akapanda ngazi zote za mnara, akaadhini adhana ya alasiri, na hakuna aliyesitisha kazi yake ila waliotaka kusali.

Hiyo ndiyo habari ya Shamsa kama ilivyotufikia. Na ewe msikilizaji, jua kwamba anayekaa kimya jirani yake akizibwa mdomo, siku yake itafika naye, apige kelele, na asibaki mtu wa kumsikia.